Marashi ya mapichesi na ubani yananishinda na joto la Tanga, niyauze au?

Habari zenu wadau, nipo Tanga mjini, naombeni ushauri hasa nyie wajuzi wa manukato. Mwezi uliopita nilikuwa Dar nikaingia duka la pafyumu lina kiyoyozi hadi unatetemeka, nikapuliziwa kitu mkononi jamani... mwanzo mapichesi yaliyoiva ya Lushoto, yale ukiuma maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko, halafu kama baada ya saa moja tunda likaondoka taratibu ukaja ubani na manemane, na vanila kwa mbali. Nikamkumbuka bibi yangu Ngamiani alivyokuwa anatandaza leso juu ya chetezo jioni, machozi yakanilenga pale pale dukani. Nikanunua ml 30 kwa hela niliyokuwa nimeweka ya godoro.

Sasa huku nikijipuliza nikitoka nje tu ule utamu unapanda kama sharubati imemwagika, juzi kwenye daladala mama mmoja kafungua dirisha huku ananiangalia, na mume wangu anasema kichwa kinamuuma. Wiki mbili zijazo mdogo wangu anaolewa na nilitaka ninukie hivyo siku hiyo. Niuze au kuna namna ya kuyavaa? Ule ubani nautaka sana.

Mtoto wa Raskazone: Pole dada. Unapuliza mara ngapi?

Mleta uzi: Sita saba hivi, shingoni, kifuani, mikononi

Mtoto wa Raskazone: Nyingi hizo! Dukani kiyoyozi kilikuficha. Harufu nyingi za matunda ni nyepesi, joto letu hili linazirusha kwa mpigo, ubani na manemane ni mazito yanatoka pole pole saa nyingi. Puliza mara mbili tu tumboni chini ya nguo, halafu kaa ndani nusu saa ndo utoke

Mpika udi: Bibie usiuze nakuomba. Hilo pichesi la kwenye chupa halikamuliwi kwenye tunda, ni kemikali ya maabara, Guerlain, watengeneza marashi wa Ufaransa, waliitia kwenye marashi yao ya Mitsouko tangu 1919. Ila ubani ni utomvu wa mti kweli, Somalia na Oman huko wanachanja gome, linatoka chozi jeupe, wanaliacha likauke wanarudi kulikwangua. Kama kinachokuliza ni ubani basi uongezee nguvu, usiku fukiza nguo ya harusi kwa ubani mtupu, na usitie udi wetu wa kupika maana ule tunaupika na sukari na wewe sukari unayo tayari. Asubuhi puliza mara moja kwenye pindo kwa ndani, jaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu yasije yakaacha doa

Shangazi wa Pangani: Mie napinga kidogo hapo kwenye nguo, marashi yanageuka vizuri mwilini kwenye joto la ngozi, kwenye kitambaa pichesi litakaa kutwa nzima. Paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu nyuma ya magoti, puliza hapo. Na mwanangu siku hiyo kikuba, kile kishada cha asmini, mwachie bibi harusi, asmini na hilo pichesi watagombana

Mpika udi: Shangazi umesema kweli kuhusu ngozi, lakini huyu anakaa kwenye daladala amebanwa, nyuma ya magoti ndo patachemka zaidi

Mleta uzi: Nimerudi wapendwa. Jana usiku nimefukiza leso moja ya majaribio, ubani punje tatu tu kwenye kaa dogo, chetezo nikakizima kabla ya kulala. Leo asubuhi nimepuliza mara moja kwenye pindo na mara moja tumboni, nikasubiri ile nusu saa. Pichesi lipo lakini hadi uinamie leso. Mume wangu kapita nyuma yangu nakuna nazi akauliza nani kawasha chetezo asubuhi yote hii.