Nataka kuunda Garratt 5930 "Mount Shengena" na treni yake ya mizigo. Nianzie wapi?

Mpare_wa_Same

Wakuu, habari za jioni. Nimepata chumba cha stoo hapa nyumbani, mita 3 kwa mita 2 na nusu, na mama watoto ameridhia kwa sharti kwamba vumbi lisifike sebuleni. Humo nataka kuunda reli ndogo, ile MGR (reli ya upana wa mita moja) yetu ya zamani ya mvuke, na treni ya mizigo inayotembea kweli kwa umeme. Sitaki pambo la kabatini.

Kichwa ninachokitaka ni kimoja tu: Garratt namba 5930, "Mount Shengena". Mimi ni Mpare wa Same, Shengena ni mlima wetu, na nilipoliona jina hilo ubavuni mwa lile dubwana pale makumbusho ya reli Nairobi, wenzangu walitoka wakaniacha humo. Nataka nilipitishe stesheni ya Same likiburuta mabehewa ya mizigo, na makontena mawili matatu.

Nilichonacho: seti mbili za treni ndogo za Kimarekani za HO (yaani skeli ya 1:87, treni ya kweli iliyopunguzwa mara 87) kutoka mitumba ya Karume. Kila seti ina kichwa cha mvuke cha aina moja, 4-8-4 (magurudumu manne mbele, manane makubwa ya kuendesha katikati, manne nyuma), mota zote zinazunguka, ila maboksi ya juu yamevunjika. Gurudumu kubwa nimelipima, kipenyo milimita 23 na ushee. Nina reli mita 6 hivi na trafo ya volti 12. Kazi yangu ni mabango, kwa hiyo mabaki ya bodi za plastiki hayanipigi chenga, na mashine ya kukata stika ninayo.

Maswali: nitumie skeli gani? Hizi reli za HO zinafaa kwa treni ya mita moja au nitupe? Na je, hilo dubwana litapinda kona za chumba kidogo hivi? Naomba mwongozo. Nawasilisha.

Kiberenge_Dom

Mkuu, SGR ya umeme imeshafika Dodoma, wewe ndiyo kwanza unarudi kwenye moshi! Haya, naweka kambi hapa, nataka picha.

Mzee_wa_Changamwe

Kijana, usitupe hata kipande. Umeokota dhahabu na hujui.

Sikiliza hesabu. Reli ya HO ina upana wa milimita 16.5. Kule ilikotoka huo ni upana wa reli pana, milimita 1435, uliogawanywa kwa 87. Lakini reli yenyewe haijui ilikusudiwa nini. Chukua hiyo 16.5, zidisha kwa 60, unapata 990. Mita moja kasoro milimita kumi! Wengi wanaanza kwa kuchagua skeli, kisha wanahangaika kutafuta reli ya kuifuata. Kwa sisi ambao reli hatuiokoti kila siku, anza na reli uliyonayo, kisha iache iamue skeli. Kwako ni 1:60. Uzuri wake mwingine ni kwamba mita 6 za kweli ni sentimita 10, kwa hiyo kazi nyingi utazipigia hesabu kichwani ukiwa na kisu mkononi.

Sasa hayo magurudumu. Klasi ya 59, ndiyo ya hiyo 5930 yako, ina magurudumu ya kuendesha ya futi 4 na inchi 6, yaani milimita 1372. Gawanya kwa 60: 22.9. Wewe unazo 23 na ushee! Vichwa vya Kimarekani vya abiria vina magurudumu marefu kwa ajili ya mwendo kasi, na ukivipeleka 1:60 vinageuka kuwa gurudumu fupi la mzigo la kwetu. Tena mpangilio wa 59 ni 4-8-2+2-8-4. Wewe una 4-8-4 mbili. Kila moja itoe ekseli moja ya nyuma, zigeuze zitazamane mgongo kwa mgongo, manne ya mbele yakae nje kila upande, na hapo chesisi ya Garratt imekamilika bila kuchonga gia hata moja.

Kwa wasioijua Garratt: ni boila moja iliyotundikwa katikati, kati ya injini mbili zenye magurudumu na silinda zake kila moja, na juu ya injini hizo ndipo linapokaa tangi la maji na la mafuta. Mwenye hataza ni Mwingereza Herbert William Garratt, mwaka 1907, na mbili za kwanza zilikwenda Tasmania mwaka 1909. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, unaweza kuinenepesha utakavyo. Ya 59 ina kipenyo cha futi 7 na nusu, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli inayoibeba. Ndiyo maana ukisimama mbele yake unaona kama itaanguka. Beyer Peacock wa Manchester walijenga 34 mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 252, zikivuta tani 1,200 kutoka Mombasa kupanda hadi Nairobi.

Boila yako ni bomba la plastiki la maji machafu, lile la milimita 40. Hesabu kavu inasema 38, lakini boila ya kweli huvikwa bati la kuzuia joto, kwa hiyo 40 inakaa sawa. Livishe kadi nyembamba ya boksi la biskuti. Kabla ya kuivika, igeuze upande wa ndani, weka rula, kisha bonyeza vitone kwa bolpeni iliyokwisha wino, kitone baada ya kitone, ukiwa umetandika gazeti lililokunjwa chini. Ukiigeuza unaona misumari ya ribiti imetokeza, safu nzima. Usibonyeze kwa hasira, kadi itatoboka. Paka gundi nyeupe iliyoongezwa maji, ikauke, ndipo upulize rangi. Matangi yakate kwenye bodi zako za mabango. Kwa fremu za madirisha ya kebini tumia kadi ya benki iliyokwisha muda, ina unene chini kidogo ya milimita moja na haivimbi kwa unyevu. Pwani tunalijua hilo la unyevu.

Urefu wa jumla utakuwa sentimita 53. Ndiyo, nusu mita na zaidi.

Ila mwanangu, habari ya Same nakupa bila kukuficha. 59 haikufanya kazi Same. Ekseli yake ilibeba tani 21, na reli ya Tanga haikuwa ya kubeba uzito huo. Waliipa mashine jina la mlima wako, wakaiweka Kenya! Na mwenzake aliyebaki pale makumbusho, 5918 "Mount Gelai", ni yale yale: Gelai iko kwenu, karibu na Ziwa Natron. Garratt mbili zilizobaki kati ya 34, zote zina majina ya milima ya Tanzania, na mkate wao waliulia njia ya Mombasa. Makontena nayo yaache. Treni ya enzi zake ni mabehewa yaliyofunikwa, matangi ya mafuta, mabehewa ya wazi, na mwisho kabisa behewa la gadi.

Dada_wa_Nordhausen

Salaam kutoka Ujerumani. Naishi Nordhausen, ambako reli ya mita moja ya milima ya Harz inaishia, na vichwa vya mvuke bado vinapanda Brocken hadi leo, kwa hiyo maduka ya hapa yamejaa vifaa vya geji (upana wa reli) yetu. Nikupe picha ya upande wa pili ili ulinganishe.

Ukifuata skeli ya kawaida ya 1:87, reli ya mita moja inakuwa milimita 12 na inaitwa H0m. Reli na pointi zake (pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili) zinauzwa tayari, na Garratt yako ingekuwa sentimita 36 tu, chumba chako kingepumua. Tatizo ni bei, na hizo chesisi zako zisingeingia. Ukienda upande wa wakubwa kuna LGB, reli ya milimita 45 kwa skeli ya 1:22.5, wanayo mitambo ya Harz mizuri sana. Lakini 59 katika skeli hiyo ina mita 1 na sentimita 40. Hapo mama watoto atavunja mkataba.

Mimi nakubaliana na mzee, kaa kwenye 1:60. Ila jihadhari na kitu kimoja ambacho picha za mtandaoni hazionyeshi: mataruma ya reli ya HO (vile vipande vilivyokingama chini ya reli) yamesongamana kupita kiasi, na yakiwa chini ya treni ya 1:60 jicho linakataa hata kama hujui sababu. Geuza reli, kata vile vijiti vya plastiki vinavyounganisha taruma na taruma, yaachanishe kidogo moja baada ya jingine, kisha uyabandike kwenye ubao. Yapake rangi ya kutu. Afrika Mashariki mataruma mengi yalikuwa ya chuma, kwa hiyo usiyapake kahawia ya mbao.

Mpare_wa_Same

Mzee wangu, shikamoo. Dada, asante sana. Jana usiku nimefungua kichwa kimoja, nimetoa ile ekseli, kimekaa kwenye reli bila kuyumba. Siamini macho yangu.

Lakini hili la Same limenikaa kooni. Yaani niijenge Shengena halafu isiione Upareni? Kuna watu wataniambia reli ni yako, pitisha unachotaka. Mimi nafsi itanisuta kila nikiwasha, nikijua kwamba daraja lingebonyea. Na la kona hamjanijibu: nina nafasi ya nusu-kipenyo cha sentimita 65, si zaidi.

Mzee_wa_Changamwe

Marahaba. Nafsi yako iko sawa, ifuate. Dawa yake ni hii: jenga Voi.

Voi iko kwenye njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, hapo 59 ziko kwao kabisa. Na hapo hapo Voi ndipo linapochomoka tawi la Taveta kwenda Kahe, lililojengwa wakati wa vita kuu ya kwanza, likaunganisha reli ya Kenya na ile ya Mjerumani ya Tanga na Moshi. Kutoka Kahe ukishuka kuelekea Tanga unaikuta Same. Sasa piga picha chumba chako: ukutani njia kuu, Shengena na mzigo wake. Mbele, reli ya tawi, na kichwa kidogo chenye mabehewa manne kikingoja kibali cha kuondoka kwenda kwenu. Shengena haifiki Upareni, lakini behewa lililotoka nyuma yake linafika. Mizigo ndivyo inavyosafiri, kichwa kinabaki, behewa linaendelea.

Ndiyo maana nakwambia usianze na Garratt. Anza na mabehewa. Kila anayeanza anakimbilia kichwa, miaka inapita, kinakaa peke yake kwenye reli hakina cha kuvuta. Behewa lililofunikwa ni boksi lenye mabogi mawili (vile vigari vya magurudumu vya chini), mabogi yatoe kwenye hayo ya Kimarekani, unajifunza kukata na kupaka rangi kwenye kitu ambacho ukikiharibu hakikuumizi. Tena ukitaka jicho liamini kwamba ni treni ya mizigo, usiyafanye yafanane. Moja jipya, moja limepauka, moja milango imebadilishwa ubao, tangi moja lina michirizi ya mafuta mdomoni. Herufi EAR, za East African Railways, zikate kwa mashine yako, halafu zisugue kidogo kwa msasa laini.

La kona: sentimita 65 inatosha, kwa sababu Garratt inapinda katikati. Kila injini inafuata kona yake na tangi lake, boila inakatiza kwa ndani kama kamba ya upinde. Kwa hiyo mambo mawili. Kwanza, upande wa ndani wa kona usiweke nguzo wala jukwaa karibu, tumbo la boila litagonga. Kata kadi ya urefu wa boila, ipitishe kwanza kwa mkono, uone inafika wapi. Pili, kati ya tangi na boila acha nafasi ya kutosha kisha ujaribu kwenye kona yenyewe, usijaribu kwenye reli iliyonyooka ukaridhika. Nyaya za kuunganisha mota mbili ziwe laini na zenye ulegevu, zifungwe sambamba, ili mota moja ikisita kwenye reli chafu nyingine iisukume.

Uzito: nenda kwa wauza zana za uvuvi, nunua chubwi za risasi, zigonge bapa, zipange ndani ya matangi juu kabisa ya magurudumu ya kuendesha. Usizijaze ndani ya boila, uzito wa katikati utakandamiza pivoti (pale boila inapoegemea kila injini) na injini zitagoma kupinda. Mlima nao usizidi sentimita 1 na nusu kwa kila mita, ambao ndio mwinamo mkali wa njia kuu yenyewe. Chumba chako hakiwezi zaidi ya mabehewa manane au tisa bila mkia kukutana na kichwa.

Kiberenge_Dom

Nilikuja kutania, sasa nimeanza kupima bomba la maji la jirani. Mzee, ardhi ya Voi unaipata wapi, rangi au udongo?

Mzee_wa_Changamwe

Udongo wenyewe. Mwekundu ule wa Voi, mwombe dereva yeyote wa lori anayepita akuletee mfuko. Ukaushe juani, upepete kwa chekecheo la unga mara mbili, pitisha sumaku juu yake kabla hujaumwaga, maana una chembe za chuma na zikiingia kwenye mota umekwisha. Kisha gundi nyeupe, maji nusu kwa nusu, tone la sabuni ya vyombo ili izame. Ukikauka unakuwa mweusi kidogo kuliko ulivyokuwa, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao.

Mpare_wa_Same

Dereva nimeshampata, anapita Voi Alhamisi. Mabehewa mawili nimeyakata tayari, ubavu mmoja umepinda, naukata upya. Dada wa Nordhausen, ukipita dukani niangalizie pointi za milimita 16.5, za kushoto mbili. Nitatuma hela.