Kobe wa maji kwenye matangi ya kioo: tuendelee kuwafuga majumbani au tuache?

MLETA MADA, MWANAKWEREKWE

Asalam alaykum. Mtoto wa dada yangu alinunuliwa kobe wa maji, mdogo wa kutosha kiganjani. Muuzaji alimwambia hakui zaidi ya hapo na bakuli la kioo linamtosha. Juzi nikaitwa nikamtazame. Macho yamevimba hayafunguki, na nilipombonyeza gamba kwa dole gumba likaingia ndani, laini kama ukucha uliolowa maji. Miezi minane analishwa mkate na wali, bakuli liko sebuleni karibu na dirisha.

Hilo dirisha ndilo linaloniuma. Watu hudhani jua linamfikia. Kioo kinapitisha mwangaza na joto, lakini kinazuia ile miale inayomwezesha kobe kutengeneza vitamini D, na bila ya vitamini hiyo kalsiamu haishiki kwenye gamba. Wafugaji wa nchi za baridi hununua taa maalumu kwa kazi hiyo. Sisi jua tumejaaliwa bure, kisha tunamfungia ndani!

Mie nasema vitoto hivi vikatazwe kuuzwa. Marekani, ambako ndiko asili ya huyu mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, tangu 1975 ni marufuku kuuza kobe mwenye gamba la chini ya sentimita 10. Sababu ni salmonela, vijidudu vinavyoleta homa na kuharisha: kobe anavibeba bila ya kuumwa, mtoto anamchezea, mkono unaingia mdomoni.

Na anakua. Anafika sentimita 25, anaweza kuishi miaka 30. Wafugaji hukadiria lita 40 za maji kwa kila inchi ya gamba (kama sentimita 2.5), kwa hiyo mkubwa anataka lita 400. Hayo ni madumu 20 ya lita 20, na anayachafua upesi. Mtaani kwetu zipo siku tunapanga foleni ya maji ya kupikia.

MFUGAJI, CHAKE CHAKE

Waalaykumu salaam kaka. Pole kwa mtoto, lakini usitufunge sote kwa kosa la muuzaji mmoja. Mie nina wawili, mwaka wa tisa huu. Wako uani kwenye tangi la saruji, nusu jua nusu kivuli, na jiwe la kupanda kujianika. Nawapa dagaa, uduvi, na majani kwa wingi, maana wakishakua majani ndiyo chakula chao kikubwa. Maji machafu namwagia migomba. Wanangu wanajua kunawa kwa sabuni kabla hawajagusa kitu chengine. Ukipiga marufuku, watauzwa kwa kificho na hakuna atakayeuliza namna ya kuwatunza.

MVUVI MSTAAFU, NUNGWI

Wanangu, msisahau na kasa. Huku pwani watoto wakikuta vitoto vya kasa vinatoka mchangani huvitia ndooni, wanasema watafuga. Kitoto cha kasa kinatoka na akiba ya kiini cha yai tumboni, ya kukifikisha maji makuu. Akiba hiyo kikiimaliza kwa kuzunguka ndooni, hata ukikirejesha jioni kinaingia baharini hakina nguvu. Bwawa la Mnarani la kutunzia kasa, hapa Nungwi, lililoanzishwa 1993, ni jambo jengine: lile ni bwawa la mwambani, maji yanajaa na kupwa pamoja na bahari. Kasa amelindwa kisheria, si wa beseni wala wa tangi la kioo.

MLETA MADA, MWANAKWEREKWE

Shikamoo mzee wangu, kwenye kasa sina neno la kuongeza.

Dada wa Chake, tangi lako nimelipenda, na nakubali kuwa niliandika kwa hasira. Lakini wewe una ua. Wangapi hapa mjini wako ghorofani, chumba na ukumbi? Hao ndio wanaouziwa bakuli. Na wakichoka, kobe anakwenda kumwagwa dimbwini. Huyu wa mstari mwekundu yumo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ya viumbe vamizi (wageni wanaowadhuru wenyeji) 100 wabaya zaidi duniani, na Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza tangu 1997. Visiwa vyetu ni vidogo, madimbwi yetu ya maji baridi yanahesabika. Hapo sirudi nyuma: asiuzwe ambaye hajafika sentimita 10, na anayeuza akubali kumpokea akirudishwa.

MFUGAJI, CHAKE CHAKE

Sharti la kurudishwa naliunga mkono kwa mikono miwili. La sentimita bado, kwa sababu hata mkubwa anabeba salmonela, na dawa yake ni sabuni. Huyo mgonjwa mtoe jua la asubuhi leo hii, na pawe na kivuli cha kukimbilia. Macho mtafutie daktari wa mifugo, usimtilie dawa ya macho ya watu. Kama dada yako hana pa kumweka, tangi langu lina nafasi ya mmoja, ila atakaa peke yake kwanza mpaka apone.