Tupeane uzoefu: Tathmini ya mwenzako kwenye mradi wa somo la habari ilikufungua macho wapi?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wale tuliosoma au tunaosoma somo la habari, tuliowahi kutengeneza kitu, iwe mwanzo wa filamu, trela, jalada la jarida au tangazo la redio, halafu tukaambiwa tukae chini tuandike tathmini yake. Kutengeneza kulikuwa raha. Tathmini ndiyo iliyotutoa jasho. Tusimuliane: uliposoma ya mwanafunzi mwenzako, uliona nini ambacho mwalimu alikuwa anakiimba kila siku na wewe hukisikii?

Naanza mimi. Kazi yetu ilikuwa dakika 2 za mwanzo wa filamu ya taharuki. Niliandika kurasa nne, nikajiona nimemaliza kila kitu. Zikarudi na neno moja la kalamu nyekundu pembeni, limerudiwa karibu kila aya: "Kwa hiyo?" Nilinuna siku mbili. Baadaye nikamfuata dada mmoja tuliyekaa naye dawati moja, ambaye yake ilikuwa imesifiwa, nikamwomba niisome. Akanipa bila maringo.

Sentensi yangu ilikuwa hivi: "Nilitumia shoti ya karibu kwa sababu inaonyesha hisia za mhusika." Ya kwake naikumbuka karibu neno kwa neno: "Kwenye sekunde ya 14 kamera inabaki kwenye mkono ulioshika kitasa, uso hauonekani. Nilitaka mtazamaji asijue huyu ni mwenye nyumba au mvamizi. Niliwaonyesha watu wanane. Watano walisema mvamizi, watatu walisema mwenye nyumba aliyesahau kitu ndani. Hao watatu wote walitaja funguo zinazoonekana kiunoni mwishoni mwa shoti, kwa hiyo nikarudi kwenye uhariri nikakata fremu 20."

Fremu 20, wakuu. Video yetu ilikuwa ya fremu 25 kwa sekunde, maana yake alikata kipande kisichofika hata sekunde moja na akajua kwa nini amekikata. Sentensi yangu mimi ungeweza kuibandika kwenye filamu ya mtu yeyote na ikakaa. Nikarudi kwenye kazi yangu na lile swali la "Kwa hiyo?", shoti kwa shoti, nikakuta shoti tatu ambazo sikuwa na sababu yoyote ya kuzipiga vile nilivyozipiga. Niliweka kamera pale kwa sababu palikuwa na nafasi ya kusimama.

Haya, nani anafuata?

Jibu la 2

Mimi jamaa yangu alinifundisha kukiri.

Filamu zetu zote mbili zilikuwa na sauti mbovu. Ya kwangu nikaifukia chini ya muziki, na kwenye tathmini nikaandika kwamba muziki "unaongeza mvuto". Uongo mtupu, muziki ulikuwa blanketi. Yeye aliandika aya nzima juu ya sauti yake mbovu. Alisema alirekodi kwa maiki ya kamera, mwigizaji yuko mbali, akapandisha kiwango ili asikike, kisha mwigizaji alipopiga kelele sauti ikagonga sifuri na kupasuka. Akaeleza kwamba kwenye rekodi ya dijitali sifuri ndiyo dari: kinachopita pale kinakatwa, na huwezi kukirudisha kwa kushusha sauti wakati wa kuhariri. Angepewa nafasi tena angesogeza maiki karibu na mdomo na kuacha vilele vya sauti vicheze kwenye desibeli -12 hivi, chini ya hiyo dari, ili kelele ipate pa kupandia.

Nilikuwa nadhani tathmini ni kujitetea mahakamani. Kumbe msahihishaji ana masikio, sauti mbovu ataisikia tu. Anachotafuta ni kama wewe mwenyewe umeisikia na kama unajua ilitokana na nini. Tangu hapo hata kazini nikiharibu kitu naeleza kwanza kilivyoharibika. Ila hilo ni la uzi mwingine.

Jibu la 3

Kwenye nadharia ndipo nilipoaibika.

Aya yangu ya hadhira na uwakilishi ilikuwa na wananadharia Propp, Todorov, Barthes na Mulvey, wote ndani ya mistari sita, kama orodha ya wageni waalikwa. Kila mmoja kaitwa, hakuna aliyepewa kazi. Mwenzangu, binti mkimya sana, alikuwa na mmoja tu kwenye tathmini nzima: Stuart Hall, mwananadharia wa utamaduni na vyombo vya habari, na ile hoja yake ya mwaka 1973 kwamba mtengenezaji anaweka maana ndani ya kazi lakini mpokeaji ndiye anayeifungua, na anaweza kuikubali kama ilivyokusudiwa, kuikubali nusu nusu, au kuikataa kabisa.

Mradi wake ulikuwa jalada la jarida la muziki. Msichana amesimama, mikono imefumbatwa kifuani, anatazama kamera moja kwa moja, hacheki. Alikusudia kujiamini. Alipolipitisha kwa wenzetu, wengi waliona kujiamini. Wawili wakasema, "Anajiamini, ila mbona kama ana hasira?" Mmoja akasema huyu anaringa, jarida lake silinunui. Binti hakuwaita hawa watatu wakosefu. Aliwaweka kila mmoja kwenye kapu lake la Hall, kisha akajiuliza ni nini hasa kwenye picha kilichowapeleka huko. Akaona ni pembe ya kamera. Alipiga kutoka chini kidogo, na pembe ya chini inampa mhusika ukubwa, ukichanganya na mikono ile inakuwa ubabe. Akapiga upya kamera ikiwa usawa wa macho, akabaki na mikono vilevile, akaweka picha zote mbili kwenye tathmini.

Niliposoma pale nikafuta wageni wangu watatu. Nikabaki na Propp, aliyeainisha wahusika wa hadithi akiwemo shujaa wa uongo, maana hadithi yangu kweli ilikuwa na mtu aliyejifanya shujaa na siye.

Jibu la 4

Naona mnasifia sana, ngoja nitie mchanga.

Mimi nilipewa tathmini nzuri ya mwenzangu KABLA sijaandika yangu, na hilo liliniponza. Sikunakili, naapa. Lakini nilipokaa kuandika, kila aya yangu ilikuwa inafuata nyayo za aya yake. Alianza na kaida za utanzu, yaani mambo yaliyozoeleka kwenye filamu za aina ile, nami nikaanza nazo. Alitumia maneno "ukimya unaobana", na mimi nikayaandika nikidhani yametoka kichwani mwangu. Tukaitwa wote wawili. Yeye ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu alitakiwa athibitishe kwamba ya kwake ndiyo ya kwanza, na aliwahi kunihurumia tu. Alisalimika kwa kuwa alitunza rasimu zake zenye tarehe. Mimi nilirudia kazi nzima. Urafiki ulichukua muda kurudi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mdogo wangu anayesoma hapa: andika rasimu yako kwanza, hata kama ni mbovu, halafu ndiyo uombe ya mwenzako. Na ukiweza, omba iliyopata alama za chini. Iliyonifundisha mimi hatimaye ni mbaya ya jamaa mwingine. Nilihesabu "nilifurahia sana" mara tisa. Nikafungua ya kwangu nikakuta saba.

Jibu la 5

Ya kwangu fupi. Swali la "umepiga hatua gani tangu zoezi la awali" mimi nilijibu kwa aya tatu za maneno matamu. Mwenzangu alibandika fremu mbili ubavu kwa ubavu. Kwenye zoezi la awali watu wawili wanaongea na wote wanatazama kulia, kama wanasubiri basi, kwa sababu kamera ilivuka mstari wa nyuzi 180, ule wa kufikirika unaowaunganisha wanaoongea, ambao kamera inatakiwa ibaki upande wake mmoja. Kwenye kazi ya mwisho mmoja anatazama kulia, mwingine kushoto, wanaonekana wanatazamana. Chini yake sentensi mbili. Basi.

Mwanzisha uzi

Jibu la 4 umenikumbusha, ni kweli, mimi niliisoma ya yule dada baada ya kurudishiwa ya kwangu. Ningeisoma mapema sijui ingekuwaje.

Swali kwa waliofanya kwa kundi: filamu ni moja, tathmini kila mtu yake. Mlipobadilishana mlikuta nini?

Jibu la 7

Mkuu, hapo umegusa penyewe.

Tulikuwa wanne. Kwenye filamu yetu kuna shoti ya kiti kitupu mezani, sekunde kama tano, chai inatoa mvuke, hakuna mtu. Kila aliyeiona aliisifu. Mimi kwenye tathmini nikaandika kwamba kiti kitupu kinawakilisha upweke na kumpoteza mzazi. Nikapamba haswa. Nikaongeza hadi rangi ya bluu ya dirishani, kwamba inaashiria majonzi. Ile bluu ilitokea kwa sababu kamera ilikuwa imewekwa kwa mwanga wa balbu, Kelvini 3200 (kipimo cha rangi ya mwanga), na sisi tulikuwa tunapiga mchana. Hakuna aliyekumbuka kurekebisha.

Kisha nikasoma ya mwenzetu aliyeshika kamera. Ameandika: "Kiti kilikuwa kitupu kwa sababu mwigizaji alichelewa. Nilipiga shoti hii kujaribu fokasi. Wakati wa kuhariri tuliiona kwa bahati, tukaiweka badala ya shoti ya baba akiwa amekaa, na ghafla mazungumzo yanayofuata yakawa na maana nyingine: mtoto anaongea na mtu asiyekuwepo." Na bluu akaitaja kuwa ni kosa lake, kisha akaeleza kwa nini walipotaka kuisahihisha waliamua waiache kwenye shoti hiyo moja na kuziondolea nyingine zote.

Nilikuwepo siku ile. Nilijua mwigizaji amechelewa, mimi ndiye niliyekuwa nampigia simu. Lakini nilipokaa kuandika niliona haya kusema jambo zuri lilitokea kwa ajali, nikalitungia makusudi. Na tathmini zote mbili zilifika kwa msahihishaji yuleyule, fikiria.

Jibu la 8

😂😂 Akasemaje sasa?

Jibu la 7

Pembeni ya aya yangu ya upweke aliandika: "Kamuulize aliyeshika kamera."