Bend Or au Tadcaster: daftari la nasaba lirekebishwe au liachwe?

MLETA MADA
Wadau wa farasi salama? Hili jambo linanikera siku nyingi ngoja nilitoe. Dabi ya Epsom 1880, zile mbio kubwa za farasi Uingereza, ilichukuliwa na Bend Or, farasi wa Duke of Westminster, mgongoni mpanda farasi Fred Archer, kampita Robert the Devil kwa kichwa tu. Baadae upande wa Robert the Devil wakaweka pingamizi, eti huyo sio Bend Or bali ni Tadcaster, wawili hao walibadilishana majina wakiwa bado watoto kule shamba la Eaton, na mtoa siri ni saisi wa hapo hapo aliyekuwa kafukuzwa kazi. Wazee wa Jockey Club, wasimamizi wa mbio, wakakaa, wakasikiliza, wakatupa pingamizi.

Sasa miaka mia na thelathini hivi imepita, watafiti wakachukua mifupa ya huyo Bend Or iliyotunzwa makumbusho London wakapima DNA ya mitokondria, ile ambayo mtoto anaipata kwa mama peke yake. Ikagoma kulingana na ukoo wa Rouge Rose, mama aliyeandikwa, ikaendana na Clemence ambaye ni mama wa Tadcaster! Mimi nasema General Stud Book, daftari la nasaba la farasi wa mbio wa Kiingereza, irekebishwe, mnasemaje?

MZEE WA NGONG
Mkuu irekebishwe ili iweje? Bend Or na Tadcaster baba yao ni mmoja, Doncaster, kwahiyo ukoo wa dume haujaguswa. Halafu yeye mwenyewe dume, hiyo mitokondria imeishia kwake, Ormonde aliyebeba mataji matatu 1886 ni mwanae lakini mitokondria ya Ormonde katoa kwa mama yake Lily Agnes. Hakuna jike hata mmoja anayeuzwa mnadani leo ambaye ukoo wake wa mama utabadilika. Kelele za bure.

MLETA MADA
Mzee wangu shikamoo, ila hapo umeruka kitu. Mitokondria ndio imeishia kwake lakini zile jeni zingine zote za mama hazikuishia, zimeshuka mpaka kwa dume mzao wake Phalaris na kutoka Phalaris ziko karibu kila kiwanja cha mbio duniani, sasa mtu anakaa anapiga hesabu farasi wake kazaliana kiasi gani ndani ya ukoo halafu bibi anayemhesabu sio bibi. Hilo ni kosa la kuachwa?

JASHO LA FARASI
Mimi siko upande wowote ila niulize. Hiyo mifupa mmeilinganisha na nini? Na vizazi vya leo vilivyoandikwa kwenye daftari lile lile mnalosema lina makosa. Watafiti wa Dublin 2002 walipima farasi 100 wa koo 19 za kike wakakuta kumbukumbu za zamani zimechanganyika. Huwezi kupima kamba iliyopinda kwa kamba nyingine iliyopinda.

MLETA MADA
Swali zuri, ndio maana hupimi farasi mmoja, unachukua matawi yaliyoachana zamani, yakikubaliana basi kosa la karani mmoja halitoshi kueleza.

MUSCAT BOY
Nyie mnagombana na mmoja, mie hapa nimewahi kusema kwamba hiyo mitokondria imeonyesha kati ya majike wa mwanzo wa hawa farasi wa Kiingereza, wa Uingereza na Ireland wenyewe walichangia zaidi kuliko ilivyodhaniwa, sio wa Uarabuni peke yao, wazee wa hapa Muscat wakaninunia wiki nzima 😂 nikawapoza, nikawaambia Darley Arabian, yule dume wa Kiarabu aliye babu wa farasi hawa, bado ni wenu

BINTI SAISI
Nasoma kimya tangu mwanzo. Baba yangu alikuwa saisi miaka mingi, na watoto wa farasi wawili wa rangi moja nyekundu anayeweza kuwatofautisha ni yule anayewalisha asubuhi, sio bosi anayepita Jumapili na miwani yake. Hata yale madoa meusi kwenye manyoya ya farasi wekundu mpaka leo yanaitwa ya Bend Or, kumbe huenda ni ya Tadcaster. Dabi waacheni nayo, aliyekimbia ndiye aliyeshinda hata angeitwa Juma. Ila mama aandikwe Clemence, na pembeni waandike pia kwamba yule saisi mliyemwita mwongo, tena mwenye kinyongo cha kufukuzwa, alisema hivyo hivyo 1880.

MZEE WA NGONG
Hapo kwa saisi sina ubishi binti yangu. Kwa daftari bado nakataa.