Pécs ni mji au ni porini? Mdogo wetu amepata chuo huko

Nyota_wa_Kenya: Jambo wana-Lushi (Lubumbashi, Kongo). Kitinda mimba wetu amepata nafasi ya udaktari Hungaria, mji unaitwa Pécs. Baba mkubwa amegoma kuchangia tiketi. Anasema kama si Budapest ni kijijini, heri abaki UNILU, chuo kikuu chetu hapa Lushi. Kuna aliyefika huko?

Yaya_Katuba: Dada, mimi nimekaa Pécs miaka minne. Mwambie baba mkubwa kwamba kusini mwa Hungaria, ule ndio Lushi yao. Ni makao makuu ya mkoa wa Baranya. Watu kama 140,000 tu, kwa hesabu zetu wachache, lakini ugonjwa ukizidi au kesi ikiwa ngumu, vijiji vyote hadi mpaka wa Kroatia huelekea hapo. Basi la asubuhi nilikuwa nalipanda pamoja na mabibi waliopakata bahasha za picha za eksirei, sawasawa na watu wa Kipushi wanaokuja hospitali kwetu.

Na si mji wa jana. Warumi waliuita Sopianae, na makaburi ya Wakristo wa karne ya 4 bado yako chini ya ardhi, unashuka ngazi kuyaona. Chuo kikuu cha kwanza cha Hungaria kilianzishwa hapo 1367 (kilikufa, cha sasa kilihamia kutoka Bratislava baada ya Vita vya Kwanza). Waturuki walikaa kuanzia 1543 hadi 1686, wakajenga msikiti uwanjani katikati. Leo ni kanisa, ila juu ya kuba utaona mwezi mwandamo na msalaba, vyote viwili. Siku ya kwanza nilisimama pale na sanduku langu nikidhani ni uchovu wa safari.

Lakini kilichonishika ni migodi. Wale nao ni watu wa machimbo: makaa ya mawe, halafu urani. Mzee aliyenipangisha chumba alichimba urani mpaka mgodi ulipofungwa 1997. Nilipomtajia Shinkolobwe, mgodi wetu wa urani kule Katanga, alivuta kiti akakaa. Akauliza kama wafanyakazi wa kwetu walilipwa walipoachishwa. Nikamfungulia kwenye simu picha ya bomba letu la moshi na terili (kile kilima cha mabaki ya madini). Akaitazama muda mrefu, akamimina pálinka (pombe kali ya matunda), yake na yangu. Mimi sinywi, siku hiyo nilikunywa.

Fundi_Vigae: Msisahau kauri ya Zsolnay, kiwanda cha tangu 1853. Vigae vya rangi kwenye paa la kanisa la Matthias huko Budapest vilitoka Pécs. Huo mji mkuu anaousifia baba mkubwa umeezekwa na "kijiji".

Nyota_wa_Kenya: 😂 Hilo la paa nimemsomea, amecheka, sasa anauliza bukari (ugali).

Yaya_Katuba: Unga wa mahindi upo, atafute ulioandikwa kukoricaliszt. Asichukue kukoricadara, ule ni chenga, utamchosha mkono bure. Sombe (majani ya muhogo) ikausheni mumfungie.

Nyota_wa_Kenya: Ametoa nusu ya tiketi. Nusu ya pili anataka aione hiyo picha ya msikiti kwanza.