Mkono wa pili kwenye kinga za karate: unarudi nyongani kwa kazi gani?

MtuWaChake: Assalaam alaykum wana jamvi. Nasaidia kufundisha wanaoanza hapa Chake Chake. Kila mmoja akipiga gedan barai (kinga ya chini) au age uke (kinga ya juu) anaurudisha mkono wa pili nyongani, ila ukimuuliza unakwenda kufanya nini, kimya. Wakubwa nao wanasema huko ni kuacha uso wazi tu. Niwaelekeze vipi?

Shangani_Uke: Waalaykum salaam. Hikite, yaani huo mkono unaorudi nyongani, haurudi mtupu, unarudi umeshika kitu: kifundo cha mkono au mkono wa gi (vazi la karate) ya mpinzani. Chukua age uke ya kulia. Mkono wa kushoto ndio unaotangulia: kiganja wazi, unapanda mbele ya paji la uso na kuipokea ngumi. Kisha unageuka, unashika, unavuta. Mkono wa kulia unapita kwa nje yake na kupanda, kifundo kikigeuka mwishoni kabisa. Heian Shodan (kata, yaani mfululizo wa kinga na mapigo, ya wanaoanza) inaonesha waziwazi: baada ya gedan barai ya tatu, mkono wa kushoto unafunguka na kupanda kwanza, ndipo age uke ya kulia inafuata.

Anayeruka hatua hiyo anautegemea mkono mmoja unaotoka chini nyongani. Safari ndefu, ngumi imeshafika.

Mkanda_Kahawia: Wape zoezi la mkanda. Mwanafunzi ashike ncha moja kwa mkono wa hikite, mwenzake ashike nyingine, mkanda ukaze kidogo. Apige gedan barai polepole: ngumi ya kuzuia ianzie sikio la upande wa pili, mkono wenye mkanda unyooke mbele chini. Mikono yote miwili ifike pamoja na nyonga. Mkanda ukilegea njiani, hikite imekufa. Mwenzake asipoyumba mbele hata kidogo, basi anavuta kwa bega, na utaliona limepanda. Kosa jengine ni kiwiko kutoka nje kama bawa; kikwaruze mbavu kikirudi nyuma.

Ngumi ya hikite ikae juu kidogo ya mfupa wa nyonga, kiganja juu. Hiyo ni kwa mtindo wa Shotokan. Wa mtindo wa Goju-ryu wanaiweka juu zaidi, ubavuni, kwa hiyo usimsahihishe mtoto aliyetoka huko.

MtuWaChake: Ahsanteni. Na kumite (kupambana na mwenzio) je?

Shangani_Uke: Hapo wakubwa wako wana haki, yakhe. Kama hukushika kitu, mkono hauna biashara nyongani. Uweke karibu na kidevu, au mbele ya chembe cha moyo kama kwenye shuto uke (kinga ya ukingo wa kiganja). Ukiwa umeshika, hesabu inabadilika: ukimvuta mkono wa kulia, bega lake la kushoto linarudi nyuma, na ngumi yake ya pili inakuwa mbali nawe. Ila ukishika, piga hapohapo. Ukichelewa ataunyofoa mkono wake, nawe uso wako uko wazi kwelikweli.

Mkanda_Kahawia: Na wenye glavu wasilazimishe kushika. Wasukume ngumi pembeni kwa kiganja, watoke mstarini.