Uzi mweusi usiotoka kwenye kitambaa: nina sukari miaka tisa, ninunue miwani nyingine?

Fundi_Majengo

Habari za jioni jamani. Mimi ni fundi cherehani, nashona soko la Majengo hapa Dodoma. Nina miaka 48. Niligundulika na sukari mwaka 2016, natumia vidonge, na presha imeongezeka juu yake.

Wiki iliyopita nilikuwa na oda ya mashati ya shule, kitambaa cheupe. Nikaona uzi mweusi umelala juu yake. Nikaupangusa, haukutoka. Nikakung'uta, nikageuza upande wa pili, uzi uleule. Nikiinua uso nitazame ukuta, nao unahamia ukutani, unaelea taratibu. Hapo ndipo nikajua umo ndani ya jicho, la kushoto. Hauumi, hauwashi.

Kabla ya hapo nilishahangaika miezi kama minne na kutunga uzi kwenye sindano. Nikanunua miwani ya kusomea kwa machinga, soko la Sabasaba. Siku ya kwanza nilifurahi mno. Wiki iliyofuata sioni kitu nayo, ya tatu naona tena. Nikajua nimepigwa, nikaenda kumgombeza kijana wa watu mbele ya wateja wake.

Mama yangu ni wa Kongwa, anasema hivyo ni vikope, kwao wazee wengi walikuwa navyo. Jirani anasema ni vumbi na huu upepo wetu. Shemeji kaniletea maji ya majani niweke jichoni, nimeyamwagia mchicha. Kliniki ninakochukulia dawa wananitoboa kidole, wanapima presha na uzito, basi. Habari ya macho sijawahi kuambiwa, na mimi sikuuliza.

Mwenye sukari aliyepitia haya anisaidie.

Dereva_Mstaafu

Pole dada yangu. Miwani weka pembeni kwanza. Mimi nilikuwa naendesha lori Dar hadi Mwanza, na macho nikijisifia, kibao nakisoma kwa mbali. Asubuhi moja nikaamka jicho la kulia limejaa masizi kama chimni ya taa ya chemli. Damu ilikuwa imevuja ndani, na maumivu hakuna hata kidogo! Nikapigwa leza, mwanga unawaka na kuzima kama kamera ya harusi, umekaza kidevu kwenye mashine. Ililinda kilichobaki, kilichopotea hakikurudi. Kwa jicho hilo leo naona mkono ukipunga tu. Lori nikaliacha.

Nesi_wa_Kati

Dada, nafanya kazi kliniki ya sukari, daktari wa macho siyo mimi, lakini hili nakutana nalo kila wiki. Vikope ni trakoma: kope zinageuka na kukwaruza jicho kwa nje. Lako liko nyuma kabisa, kwenye retina, ule utando wa ndani unaopokea mwanga. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu vile vimishipa vidogo, vinavuja, halafu vinaota vipya dhaifu vinavyopasuka upesi. Presha inaharakisha. Huo uzi unaweza kuwa tone la damu.

Kijana wa Sabasaba umemwonea. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho inavimba na kunywea, kwa hiyo namba ya miwani inahama. Miwani hupimwa sukari ikiwa imetulia wiki kadhaa.

Usisubiri tarehe yako ya kliniki, nenda kesho. Nyuzi zikiongezeka ghafla, ukaona miale au kivuli kama pazia, ni saa hiyohiyo. Nenda hospitali ya Benjamin Mkapa, General ya mkoa, au Mvumi ambako macho wanatibu miaka mingi. Sema una sukari, omba wakutanue mboni waangalie retina. Zile herufi za ukutani peke yake hazitoshi. Kwa sukari ya aina yako kipimo hicho kilitakiwa mwaka uleule wa 2016, kisha kila mwaka hata kama unaona vizuri. Nenda na mtu wa kukurudisha.

Mzee_wa_Zabibu

Nesi, nikihamia ugali wa uwele macho yangu yamepona?

Nesi_wa_Kati

Mzee wangu, uwele nao ni wanga. Punguza tonge, ongeza mlenda. Na zabibu za shambani kwako usile kichala kizima ukasema ni tunda tu.

Fundi_Majengo

Nimerudi kuwapa mrejesho. Nimeenda Jumanne na binti yangu. Matone ya kutanua mboni yanawasha kidogo, baada ya nusu saa hivi simu yangu mwenyewe siwezi kuisoma. Nilitoka saa nane na jua la Dodoma mnalijua, nikajifunika khanga hadi puani kama bibi harusi, binti ananishika mkono kuvuka barabara.

Jicho la kushoto vimishipa vipya vimeota na kimoja kimevuja kidogo. Naanza leza wiki ijayo, kwa awamu. La kulia limeanza kuguswa, litafuatiliwa. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kimetoka asilimia 10.4, daktari anataka nishuke kuelekea 7, na dawa wamenibadilishia.

Sabasaba nimepita kumwomba radhi yule kijana. Kacheka, akataka kuniuzia miwani ya jua, nami nimenunua. Mashati yanaendelea, binti ananitungia uzi kabla hajaenda shule, sindano kumi na mbili nimezichomeka kwenye mto mdogo.